Ukitaka Mashine ya Kukata Miwa, Anza na Kisiki

Piga goti kwenye shamba la miwa lililokatwa jana, popote kati ya Kibos na Muhoroni, ukiangalie kisiki kimoja. Kimoja tu. Kama mkataji anaijua kazi na panga lake lilikuwa limenolewa, utaona duara jeupe lenye unyevu, pana kidogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini, laini kana kwamba limepigwa randa, tena karibu kabisa na udongo. Pitisha kidole gumba juu yake, hakichomwi na chochote. Kisha ukipata shamba lililopitiwa na mashine iliyoundwa kwa pupa, piga goti tena. Hapo nyuzi zimesimama wima kama mswaki wa mti uliotafunwa, na ufa umeshuka ndani ya udongo mpaka penye macho yanayotakiwa kuchipua.

Kisiki hicho cha pili nimewahi kukitengeneza mimi mwenyewe, mara elfu na zaidi kwa asubuhi moja. Ilikuwa mashine yangu ya kwanza. Niliifunga nyuma ya trakta ya kukodi nikakata mistari sita ya mzee mmoja upande wa Kibigori, vijana wakipiga picha. Miwa ilianguka kweli. Nilirudi Kisumu nikiimba. Baada ya miezi mitatu simu ikalia.

"Fundi, njoo uone."

"Kuna nini, jaduong'?"

"Njoo tu, wuoda. Si mambo ya simu."

Mistari iliyokatwa kwa panga ilikuwa imechipua hadi magotini. Katika mistari yangu sita kulikuwa na kichipukizi hapa na kingine kule, na kati yake mapengo ambayo mbuzi angelala akajinyoosha. Mzee hakunigombeza. Aling'oa kisiki, akakipasua kwa panga, akanionyesha wekundu wa kuoza ulioingia kupitia ule ufa. "Mashine yako," akasema, "imekata miwa ya mwaka huu pamoja na ya mwaka kesho."

Tangu siku hiyo, kijana akija karakana na mchoro wa mashine ya kuvunia, siangalii kwanza nguvu za farasi. Namuuliza itaacha nini ardhini. Miwa si mahindi. Huku kwetu hupandwa mara moja, ikakaa miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa, kisha mashina yale yale yakachipua na kutoa zao la pili, la tatu, wakati mwingine na la nne, ambalo wenyewe huliita ratuni. Mkulima anayekukodisha shamba lake kwa majaribio anakupa mazao matatu aliyoyaweka benki chini ya udongo. Unapounda mashine, unaunda kisiki. Muwa unaoanguka ni ziada.

Nawaandikia mafundi wa Kibuye, Kisumu, vijana walio vyuoni, na vyama vya wakulima wanaochanga pesa wakiulizana kama inawezekana trakta waliyo nayo ikate miwa badala ya kulima tu na kuvuta tela. Inawezekana. Ila kubali mapema kwamba mashine yako itafanya kazi moja, si tano.

Makosa mengi huanzia kwenye video. Mtu ameona kwenye simu yake lile dubwana la Australia linalomeza mstari mzima, kukata vilele, kukatakata miwa vipande vifupi na kuvimwaga kwenye tela linalotembea kando, akataka toleo dogo la hilo nyuma ya trakta ya nguvu farasi 50. Waaustralia walianza kuhangaikia mashine hizo tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hadi mwisho wa miaka ya 1970 karibu miwa yao yote ilikuwa ikikatwa kwa mashine. Lakini nyuma ya mashine kulikuwa na reli nyembamba za mashambani, mistari iliyonyooka kama rula, na viwanda vinavyopokea vipande vile na kuvisaga upesi. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari. Unatakiwa usagwe ndani ya saa 24 hadi 48. Uliokatwa vipande huharibika haraka zaidi, kwa kuwa kila ncha iliyo wazi ni mlango wa bakteria. Sisi tuna matela yanayojipanga barabarani mbele ya kiwanda, na mvua ikinyesha tela linakwama kabla hata halijafika lami. Ukiukatakata muwa shambani Miwani, unaingiza foleni hiyo yote kwenye hasara yako.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kata muwa mzima, ulaze chini vizuri, basi. Kuondoa kilele na majani waachie watu wenye panga. Ukikata kwa trakta, kazi iliyobaki ni ile isiyovunja mgongo, na wakataji wako wanaweza kuifanya wakiwa wamesimama wima. Nimeulizwa mara nyingi kama mashine hii haitawanyang'anya vijana riziki. Swali ni la haki, na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ninachokiona mashambani ni kwamba vijana wenyewe wameanza kuhamia boda boda, na kuinama kwenye kisiki siku nzima kumebaki kwa watu wa umri wangu.

Haya, chukua tepu uende shambani. Kabla ya chuma chochote, pima nafasi kati ya mistari, mahali kumi tofauti. Mingi utakuta ni mita 1.2, yaani futi nne. Ila huku kwetu mistari hupimwa kwa hatua ya mguu, na miguu haifanani. Kisha pima trakta, au tinga kama tulivyozoea kuiita kabla haijawa alama ya chama cha siasa. Pima kutoka katikati ya tairi moja la nyuma hadi katikati ya lingine, na upana wa tairi lenyewe. Tuseme umepata mita 1.5 na sentimita 35.

Chora hesabu hiyo kwenye karatasi. Trakta ikipita katikati yake ikiwa juu ya mstari uliokwisha kukatwa, kila tairi litakanyaga kuanzia sentimita 57 hadi 93 kutoka kwenye mstari huo. Mstari wa jirani uko sentimita 120. Matairi yanapita kwenye nafasi tupu, hayagusi kisiki hata kimoja. Sasa chora tena kwa shamba la mistari ya sentimita 90. Tairi limepanda juu ya mstari wenyewe! Hapo hata ukiwa na kisu cha dhahabu, unakanyaga ratuni. Matairi ya nyuma ya trakta nyingi zilizoko huku yanaweza kusogezwa ndani au nje kwa kugeuza rimu na sahani yake; fanya hivyo, au mwambie mwenye shamba kwa adabu kwamba shamba lake si la mashine hii. Ni afadhali kukosa kazi ya siku moja kuliko kupigiwa simu baada ya miezi mitatu.

Mchoro huo huo unakuambia kisu kikae wapi. Hakiwezi kukaa nyuma katikati, maana trakta itakuwa imeshaivunja miwa kabla kisu hakijaifikia. Kinakaa kulia, mita 1.2 kutoka katikati ya trakta, nyuma ya tairi, kikikata mstari uliosimama huku trakta ikitembea juu ya mstari uliokatwa katika mzunguko uliotangulia. Mistari miwili mitatu ya kwanza pembeni na nafasi ya kugeuzia mwishoni mwa shamba hukatwa kwa panga. Shamba la ekari moja lililobanwa na ua wa ojuok, yaani mnyaa, pande zote nne litamaliza muda wako kwenye kugeuza. Vyama vinavyokata mashamba ya majirani kwa mfululizo ndivyo vitakavyofaidi.

Sasa nguvu itafikaje huko pembeni? Shafti ya PTO, ile inayochomoza nyuma ya trakta, ikiwekwa kwenye mwendo wake wa kawaida hutoa mizunguko 540 kwa dakika. Mimi hutumia giaboksi ya slasha kuukuu ya trakta, ile ya kukatia nyasi. Kwa wauza vyuma chakavu haikosekani. Slasha nyingi hufa mwili, giaboksi ikabaki nzima. Fungua kifuniko uhesabu meno: kama gia kubwa ina meno 24 na ndogo 16, kila mzunguko wa PTO unatoa mzunguko mmoja na nusu, yaani 810 kwa dakika. Iache giaboksi isimame wima kama ilivyozaliwa. Nimeona mafundi wakiilaza ubavu ili shafti ielekee pembeni. Mafuta huhamia upande mmoja, beringi ya juu hukauka, na baada ya siku mbili unasikia mlio kama wa posho mill.

Kwenye shafti inayotoka chini ya giaboksi funga pulei, na kwenye ekseli ya kisu, mita 1.2 pembeni, funga nyingine, uziunganishe kwa mikanda mitatu ya V. Mkanda una faida ambayo mnyororo hauna: kisu kikigonga jiwe au shina la mti lililojificha, mkanda huteleza na kunuka moshi badala ya kuvunja meno ya gia. Ekseli ya kisu usiichonge kwenye mashine ya kukereza ukajigamba. Chukua habu ya gurudumu la mbele la gari, pamoja na beringi zake. Gari likienda kilomita 120 kwa saa, habu hiyo huzunguka karibu mara elfu moja kwa dakika ikiwa imebeba robo ya gari. Sahani ya kisu ni mzigo inaouweza.

Hapa tumefika kwenye roho ya jambo, nami nitakaa kidogo. Muwa mnene hukatwa na mwendo. Panga la mkataji hodari halisukumi, linapita. Kisu kikienda polepole, bua hujipinda mbele yake kwanza, nyuzi za upande wa pili huvutika, kisha linapasuka kuelekea chini. Hicho ndicho kisiki cha mswaki. Kisu kikienda kasi ya kutosha, uzito wa muwa wenyewe unaushikilia. Kabla haujapata nafasi ya kupinda, umekatika. Kwa miwa yetu, mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde kwenye ncha ya kisu unatosha kama kisu ni kikali. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na sahani ndogo iliyozunguka nusu ya mwendo huo, kwa sababu niliogopa kelele.

Fanya hesabu yako hivi. Sahani ya sentimita 58, visu vikichomoza sentimita 6 kila upande, inakupa duara la sentimita 70, ambalo mzingo wake ni mita 2.2. Likizunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, ncha inakwenda mita 20 kwa sekunde. Lakini giaboksi inatoa 810. Basi weka pulei ya sentimita 20 kwenye giaboksi na ya sentimita 30 kwenye habu, urudi 540. Utauliza kwa nini kupandisha kisha kushusha. Kwa sababu ya mtama. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilipofunguliwa upya mwaka 2019, watu wengi wa ukanda wa ziwa walikumbuka kwamba mtama una soko, na bua la mtama ni jembamba, jepesi, linakwepa kisu. Linataka mwendo karibu maradufu. Ukizibadilisha zile pulei mbili nafasi, kubwa ikaenda kwenye giaboksi na ndogo kwenye habu, sahani itazunguka mara 1,215 na ncha ifike mita 44 kwa sekunde. Mikanda ni ile ile, urefu ule ule, kwa kuwa jumla ya pulei haikubadilika. Hakikisha tu tundu za pulei zote mbili na funguo zake zinalingana toka mwanzo. Na ujue kwamba faida hii ni ya mitama mirefu ya kienyeji kama andiwo na ochuti. Gadam ni fupi, inavunwa masuke tu.

Mwendo wa ncha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mwendo wa trakta, na hapo ndipo dereva anapoiharibu kazi nzuri ya fundi. Trakta ikitembea kilomita 3 kwa saa, inasonga sentimita 83 kwa sekunde. Sahani imezunguka mara 9 katika sekunde hiyo, kwa hiyo kila mzunguko mashine imesonga sentimita 9 na kidogo. Ukiwa na visu vinne, kila kisu kinakuta sentimita 2.3 mpya za kukata, nacho kimechomoza 6. Hakuna shida. Dereva akiona mambo ni mazuri akaongeza gia hadi kilomita 6, kila kisu kinakuta 4.6, bado unapumua. Lakini kama ulibana matumizi ukaweka visu viwili, ni zaidi ya 9, na kisu kina 6. Maana yake ukingo wa sahani unaufikia muwa kabla ya kisu, unausukuma, unaupasua. Mtu atalaumu makali kumbe ni hesabu. Mimi huweka visu vinne na kumwandikia dereva kwa rangi kwenye ubavu wa mashine: GIA YA KWANZA.

Visu vyenyewe huchongwa kutokana na springi za lori, zile bapa. Ni chuma kizuri kuliko utakachonunua dukani kwa bei hiyo, ila hakitobolewi kikiwa kigumu. Kipashe mpaka kiwe chekundu, kizike kwenye majivu kipoe usiku mzima, ndipo ukate, utoboe na kutengeneza makali. Kisha kigumishe upya: moto mpaka sumaku ikatae kukishika, halafu uzamishe kwenye oili. Sasa kimekuwa kigumu kama chupa, na kitavunjika kama chupa. Kisugue king'ae, ukipashe taratibu kutoka upande wa mgongo huku ukitazama rangi zikitembea kuelekea kwenye makali. Njano, kahawia kama chai ya rangi, kisha zambarau. Zambarau ikifika kwenye makali, zamisha. Ukiiacha ifike buluu iliyopauka, kisu kitakuwa laini na utanoa kila saa. Usikichomelee kisu kwa umeme kamwe, hata kwa tone moja. Pale penye tone ndipo kitakapokatikia, na kipande kitaruka.

Vifunge kwa bolti zenye namba 8.8 kichwani. Zile zisizo na namba, unazopimiwa kwa kilo, zinafaa kwa mageti. Upande wa tambarare ya Kano udongo ni mweusi na mawe ni haba, kwa hiyo kisu kilichofungwa imara hakina neno. Ukipanda kuelekea Koru na mabonde yaliyo chini ya milima ya Nandi, ninashauri visu vinavyoning'inia kwenye pini moja, vinavyorudi nyuma vikigonga jiwe, kama vya slasha.

Sahani ya chuma cha milimita 8 na kipenyo kile cha sentimita 58 ina kilo 16 na ushei. Isipokuwa na mizani itatikisa trakta nzima. Ifunge kwenye habu ukiwa umeiegemeza wima, izungushe kwa mkono, iache isimame yenyewe. Kama upande ule ule unakuja chini kila mara, uchonge kwa grenda kidogo kidogo mpaka isimame popote. Pima visu vyote kwenye mizani ya duka, uvilinganishe gramu kwa gramu, na ukibadilisha kimoja badilisha na cha mkabala wake.

Kuhusu urefu wa kisiki, kumbuka sukari ya muwa imejaa zaidi sehemu ya chini. Muwa wa mita 2 ukiachwa na kisiki kirefu kwa sentimita 5 zaidi, umeacha asilimia 2.5 ya urefu wake, na ndiyo sehemu nene na tamu. Kwenye ekari ya tani 25, hizo ni kilo 625 zilizobaki shambani. Zidisha mwenyewe kwa bei ya tani wiki hii. Lakini ukishuka mno, kisu kinalima udongo, na udongo ni mchanga, na mchanga unakula makali kabla ya saa nne za asubuhi. Shabaha ni sentimita 2 hadi 4 juu ya ardhi. Usimtegemee dereva aishikilie kwa haidroliki. Weka chini ya fremu viatu viwili vya chuma, upana sentimita 20, vilivyopinda mbele kama ngalawa, umwambie aishushe mashine mpaka iketi juu yake. Kisha fupisha ule mkono wa juu wa trakta kidogo ili sahani iiname mbele kwa digrii 5. Ukingo wa mbele unakata chini, wa nyuma unapita sentimita 6 juu zaidi bila kukichuna upya kisiki kilichokwisha kukatwa. Hili dogo lilinigharimu msimu mzima kuligundua.

Muwa ukikatika, uanguke wapi? Usipouamulia utaamua wenyewe, na alasiri, upepo wa ziwani ukianza, utaangukia upande wa milimani, shamba zima, ukipishana kama njiti zilizomwagika. Chukua bomba la inchi mbili, lipinde, ulifunge kimo cha kifua mbele ya kisu likirudi nyuma kwa mzingo. Linauegemeza muwa kidogo kabla haujakatwa, kisha linauteremsha nyuma ulale kwa urefu ndani ya mstari wake. Ekari ya tani 25 yenye mistari ya mita 1.2 ina kilo 7 na kitu kwa kila mita ya mstari, rundo dogo ambalo trakta itapita juu yake bila kulikanyaga katika mzunguko unaofuata, maana kati ya matairi kuna mita 1.15. Ukilala kimkingamo umekwisha. Utausaga wote kwa matairi. Na mbele kabisa, kando ya tairi la kulia, weka pua ndefu ya bomba inayoinua miwa iliyolala na kuitenga. Miwa iliyolazwa na mafuriko ya Nyando na kuinuka tena kwa kujipinda kama kiwiko, usiiguse kwa mashine hii. Iachie panga.

Uzito. Mashine ya kilo 350 ambayo kitovu chake kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye trakta yenye mita 2 kati ya ekseli zake, inaondoa kilo 210 kwenye magurudumu ya mbele ikiinuliwa. Trakta ya kilo 2,000 yenye 700 mbele inabaki na 490. Kanuni ni kwamba angalau sehemu ya tano ya uzito wote ibaki mbele, na hiyo hapa ni 470. Umepita kwa kilo 20, sawa na jerikeni moja ya maji. Kwenye tuta la barabara hiyo jerikeni haipo tena, usukani unakuwa pambo. Funga vyuma vya uzito mbele, na vingine kwenye gurudumu la nyuma la kushoto kwa sababu mashine imening'inia kulia.

Sijasahau usalama, nimeuweka hapa ili usiuruke. Shafti ya PTO bila kava yake ya plastiki usiiwashe hata kwa majaribio ya dakika moja. Inashika nguo kabla hujatamka jina la mama yako. Zungushia sahani sketi ya mpira wa matairi ya lori hadi karibu na ardhi, isipokuwa mahali miwa inapoingilia. Hakuna mtu nyuma wala kulia kwa mashine, na watoto wanaokuja kuokota miwa wapewe mtu wa kuwazuia, mwenye kazi hiyo tu. Zima PTO kabla ya kuinua mashine mwishoni mwa mstari. Kwenye kiungo cha shafti weka bolti laini ya kukatika, na uning'inize akiba ya bolti kumi kama hizo kwenye mkebe juu ya fremu. Zikiisha, dereva ataweka ngumu aliyoiokota, na siku hiyo kitakachokatika ni kitu kingine.

Jambo moja ambalo watu wa vyuma hawalifikirii: ugonjwa. Kudumaa kwa ratuni husambazwa na maji ya muwa kwenye makali, kutoka shina moja hadi jingine, shamba hadi shamba. Mkataji mmoja na panga lake ataambukiza kipande kidogo. Mashine yako itazunguka kata nzima kwa msimu mmoja. Osha visu kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuingia shamba jipya, mbele ya mwenye shamba, aone. Watafiti wa miwa wako pale Kibos. Wapelekee maswali kuhusu aina ya miwa na magonjwa, usibahatishe.

Usikate udongo ukiwa umelowa. Udongo mweusi wa Kano kati ya Machi na Mei hushika tairi kama ugali wa moto, na trakta iliyozama huchimba kaburi la mistari mitatu ikijitoa. Na usijaribiwe kupeleka mashine hii kwenye mafunjo ya kinamasi cha Dunga, tuyaitayo togo, hata kama nayo ni marefu na wasusi wa mikeka watakuomba. Kule si mahali pa trakta.

Ukishaunda, jaribu mistari sita, si shamba. Hesabu visiki mia moja vikifuatana, uviandike kwenye daftari: vilivyo laini, vilivyopasuka, vilivyong'oka. Zaidi ya kumi vikiwa vimepasuka, simama, usikate mstari wa saba. Noa, au punguza mwendo wa trakta, au hesabu upya pulei. Kisha rudi baada ya wiki sita uhesabu machipukizi kwenye mita kumi za mstari wako na mita kumi za mstari wa panga ulio jirani. Daftari hilo ndilo utakaloonyesha chama cha wakulima, si video.

Mashine yangu ya pili ilipokuwa tayari, nilimpelekea yule mzee wa Kibigori kwanza. Aliizunguka mara mbili, akagusa kisu kwa kucha, akauliza kwa nini imeinama mbele. Nikamweleza. Akasikiliza yote mpaka mwisho, akakubali nipewe mistari sita ya kujaribia. Ya shemeji yake.